Majoka Yaliyokatwa Meno

Mwalimu niliyemfahamu pale Kerende hakuwa na kiboko. Walimu wengine wa miaka ile walitembea na kiboko kama mchungaji na fimbo yake, lakini yeye alimwadhibu mtoto kwa kumkumbuka. Ukimkosea leo, hakusema neno. Alisubiri mpaka siku uliyoipenda kuliko zote, ndipo akakuita mbele.

Mimi nilimkosea mara moja, nikiwa darasa la tatu na nikikaa kwa mjomba wangu. Mwalimu aliteleza kwenye tope, nikacheka. Muhula mzima aliniitikia shikamoo yangu vizuri kabisa. Kisha baba yangu akaja kutoka Busawe kuniona, akafika shuleni amevaa koti lake la kanisani, na Mwalimu akanisimamisha mbele yake, akanipa ukurasa nisome kwa sauti. Ulikuwa ukurasa ambao hatujaufikia. Nilipokwama, Mwalimu alimgeukia baba akasema kwa upole, "Mtoto huyu ni mwepesi wa kucheka kuliko kusoma."

Mwaka uliofuata niliacha shule. Sikuacha kwa sababu yake. Miguu yangu ilikuwa haitaki kukaa. Nilisindikiza ng'ombe wa wafanyabiashara mpaka Kisii, nikawa utingo wa lori la pamba la Musoma, nikabeba mawe mgodini Nyamongo, nikaondoka, nikarudi. Lakini kila nilipopita upande ule niliingia kwake, maana nilikuwa na maswali mengi kuliko watu wa kuyajibu. Ukimuuliza mtu mwingine kwa nini mwezi una madoa, atakwambia Mungu amependa hivyo. Mwalimu alikuwa anasema, "Sijui, lakini najua pa kuanzia." Kwa hilo nilimsamehe ule ukurasa. Yeye sidhani kama alinisamehe kile kicheko.

Alikuwa amekwenda vitani Burma na Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akiwa karani wa stoo. Wenzake walirudi na saa za mkononi, makoti, na hadithi ndefu za kunywea pombe. Yeye alirudi na homa isiyokwisha na mkebe wa bati wa sigara uliojaa stempu za zamani za Japani. Aliuokota katika handaki ambalo Wajapani walikuwa wamelikimbia, ndani ya begi la ofisa. Baadaye, walipokuwa wakisubiri meli Kalkuta, askari wenzake walikwenda mjini kutafuta starehe, naye akakaa kila siku na Mhindi mmoja muuza karatasi aliyejua kusoma alama zile. Alirudi Kerende akijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine kati ya Mto Mara na Sirari alikuwa akikijua, na hakuna aliyekihitaji.

Alinifundisha mimi kwa sababu nilikuwa wa kwanza kumuuliza. Alitandaza mkeka mlangoni, akanawa mikono, akaikausha sana, akatoa stempu moja kwa kibanio cha kung'olea miiba.

"Unaona nini, mura?" aliniuliza, akiniita kijana kwa lugha yetu.

"Mijusi wawili wanatazamana."

"Ni majoka."

"Joka na mjusi vina tofauti gani?"

"Mjusi hana serikali," alisema, bila kutabasamu.

Alikuwa na namna yake ya kuzitambua, na haikuwa ya yule Mhindi. Ilikuwa ya kwetu. Kila ukoo kwetu una mkato wake wa sikio la ng'ombe, na mtu anayemtafuta ng'ombe wake aliyeibwa hapotezi muda na rangi. Weusi ni wengi, wenye madoa ni wengi. Anakwenda moja kwa moja kwenye sikio. Mwalimu alizitazama stempu hivyo hivyo. Alianza na pembeni, pale penye vijino vidogo vya kuchania. Alikuwa amechonga kipande cha pembe ya ng'ombe na kukichora mistari ya kupimia vile vijino, kama vimekaribiana au vimeachana, maana kuna stempu mbili ambazo sura ni moja lakini meno yanatofautiana, na hizo si ndugu. Kisha aliinua karatasi kwenye jua aone nyuzi zake. Karatasi ya kale ya Japani hutengenezwa kwa magome ya mti, na nyuzi zake ni ndefu, zimelala ovyo kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Baadaye ndipo alipotazama picha: ua la kifalme, ambalo lazima liwe na petali kumi na sita, na zile alama ndogo zilizofichwa chini ya maua ya mcheri, zinazoonyesha stempu ilichapwa kwa bamba lipi la kuchapia.

Zilikuwamo pia za bandia. Zile alizipenda kwa namna ya pekee. Zilikuwa na alama mbili ndogo sana, zimejificha ndani ya pambo, ambazo kwa lugha yao zinasema kwamba hii ni ya mfano tu. "Huyu ni mwongo mwenye adabu," aliniambia. "Anakudanganya, kisha anakuandikia kwamba amekudanganya. Huku kwetu hatuna waongo wa aina hiyo."

Lakini somo kubwa lilikuwa la majoka, na lazima nilieleze hapa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo. Stempu za kwanza kabisa za Japani ni za majoka, na hazikuwa na meno. Zilikatwa kwa mkasi. Hizo ndizo adimu, na yeye hakuwa nayo hata moja. Mwaka uliofuata serikali ya kule ilibadilisha fedha, ikachapa majoka yale yale, sura ile ile, ila sasa yakiwa na meno pembeni na jina la fedha mpya katikati. Hizo ndizo alizokuwa nazo. Jina la fedha ya zamani ni alama nyepesi, kama mtu mwenye kofia aliyepishanisha miguu. La fedha mpya ni zito, limesongamana kama uani kwa mtu mwenye wake wengi. Kwa hiyo joka lisilo na meno lazima liwe na ile alama nyepesi. Likiwa na alama nzito halafu halina meno, basi kuna mtu amelikata.

"Rudia," aliniambia. Nikarudia. Aliniuliza tena kesho yake, na nilipopita mwaka uliofuata aliniuliza kabla hata hajanikaribisha kiti.

Siku moja nilimchokoza. "Mwalimu, lakini na wewe ulizichukua kwenye begi la mtu."

"Vita ni vita."

"Na wizi?"

Alifunika mkebe. "Wizi ni pale unaponijua jina."

Hakuwa mtu mwema, na sitaki kumpamba. Alikuwa mbahili wa maneno mazuri. Alimnunia jirani yake miaka kadhaa kwa sababu ya mbuzi aliyekula miche ya kabichi, na yule mbuzi alikuwa ameshaliwa zamani. Kanisani alikaa kiti cha nyuma ili amwone kila anayeingia. Sala ya kusamehe waliotukosea aliisema kwa sauti ya chini kuliko sala nyingine zote. Nimesimama karibu naye, nimesikia. Lakini mwanafunzi mgonjwa alimbeba mgongoni mpaka kwa mganga wa misheni, mvua ikinyesha, na hakumwambia mtu. Zile stempu alizipenda kuliko shamba lake. Aliwahi kuniambia kwamba koti alipewa, buti alipewa, hata homa alipewa, ila ule mkebe hakupewa na mtu yeyote.

Alikuwa na rafiki mmoja tu, Mnunuzi wa Ngozi. Walitahiriwa asubuhi moja, watu wa saro moja, na kwetu hilo linazidi kuzaliwa tumbo moja. Mnunuzi wa Ngozi alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, anayecheka mpaka meza inatikisika. Alinunua ngozi kwa niaba ya mwenye duka mmoja wa Tarime, na alikuwa na ruhusa ya kuingia mgodini Nyamongo, ambako ng'ombe walichinjwa kila wiki kwa chakula cha wafanyakazi. Ruhusa ile ndiyo iliyomfanya awe mtu. Akija kwa Mwalimu alikaa kwenye kiti chenye mto, akanywa chai ya maziwa, akacheka.

"Nyinyi na makaratasi yenu," alituambia. "Karatasi isiyo na ngozi chini yake ina faida gani?"

Lakini pale mgodini palikuwa na Mzungu mmoja, mpimaji, aliyekusanya stempu. Aliwauliza hata wapishi kama wana bahasha za zamani. Mnunuzi wa Ngozi alilisikia hilo, na kuanzia hapo akaacha kuyacheka makaratasi.

Mkebe ulipotea siku Mwalimu alipomtoa mwanawe wa kwanza jandoni. Ukoo wote ulikuwa nje: ngoma, nyama, bibi za kijana wakiimba. Mnunuzi wa Ngozi alisema kichwa kinamuuma, akaingia ndani kulala kidogo. Mimi nilikuwa nimefika siku mbili nyuma. Wageni walipoondoka, Mwalimu aliniita ndani akanionyesha juu ya boriti, pale mkebe ulipokuwa ukikaa. Palibaki alama safi kwenye masizi.

"Twende kwake sasa hivi," nilisema. "Nitapekua mimi. Mimi si wa saro yenu."

"Ukapekue kwa amri ya nani?"

"Basi mpeleke barazani."

"Nimpeleke mtu niliyetahiriwa naye?" Aliongea taratibu, kana kwamba ananisomesha. "Mura, nikisimama barazani nikamwita mwizi, wazee watanitazama mimi, si yeye. Mwanangu ametoka leo. Ataoa wapi?"

"Kwa hiyo unaziacha?"

"Nimesema naziacha?"

Hakumwambia mtu kwamba ameibiwa, hata mkewe. Wiki iliyofuata alimwita Mnunuzi wa Ngozi kunywa chai kama kawaida. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimepata kazi ya kushika fito za yule mpimaji, na siku ile tulipumzika. Mnunuzi wa Ngozi alifika, akakaa kwenye kiti chake, akauliza habari za kijana aliyetoka jandoni. Mwalimu akajibu. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu anazunguka sana, nadhani amesahau masomo. Stempu za kwanza za Japani zilikuwa na meno?"

"Hapana, Mwalimu. Zilikatwa kwa mkasi."

"Wazungu wanatafuta zipi?"

"Za kwanza."

"Kwa hiyo ukiona majoka yenye pembeni laini?"

"Ni ya kwanza," nilisema. Nikavuta pumzi niendelee na habari ya fedha, ya alama nyepesi na alama nzito, kama alivyonizoesha. Mwalimu akaniambia, "Sukari imekwisha. Niletee ndani."

Nilisimama, nikaleta sukari. Bakuli la mezani lilikuwa limejaa.

Mnunuzi wa Ngozi alikuwa ameegemea mbele. "Yaani mambo yote ni pembeni tu?"

"Wewe ng'ombe unamjuaje?" Mwalimu alimuuliza.

"Kwa sikio."

"Haya basi."

"Na hizo zako?" Alipuliza chai yake kama mtu asiyejali. "Zina meno?"

"Zangu zote zina meno," Mwalimu alisema. "Ndiyo maana ningezijua popote."

Akachukua birika. Alimmiminia chai nyingine, wakazungumza habari za mvua. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, nikijizuia nisicheke kwa furaha. Mwizi wa ng'ombe kwetu, akishavuka mto, kitu cha kwanza anachofanya ni kukata masikio upya, ili mwenye mali akija asione mkato wake. Kila mtu anajua hilo. Mnunuzi wa Ngozi alilijua kuliko wengi, maana ngozi za aina hiyo alikuwa akizinunua.

Siku chache baadaye alikuja mgodini, kavaa kanzu safi na kofia. Nilikuwa nje ya hema la mpimaji, mlango wake ukiwa wazi, nafunga fito. Alinipita, akanikonyeza. Kila mtu alishajua kwamba amegombana na tajiri wake wa Tarime. Alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba hanunui tena ngozi za mtu, atakuwa na lori lake mwenyewe. Aliweka mkebe mezani, akafungua.

Mpimaji alipoona majoka, aliinuka. Alisukuma ramani zake kando kama mtu aliyekuta dhahabu. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama. Akatazama moja, akaiweka. Akatazama nyingine. Alipofika ya tatu uso wake ulikuwa mwekundu.

"Nani kata hii?"

"Hakuna aliyekata, bwana. Zilizaliwa hivyo. Ni za kwanza."

"Wewe kata."

"Bwana, naapa. Nimezipata kwa babu yangu."

"Babu yako Mjapani?" Akamshikia kioo puani amwonyeshe ile alama nzito, na Mnunuzi wa Ngozi akatazama kwa bidii, na hakuona kitu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha cha kuona. "Hii fedha mpya. Fedha mpya iko na meno. Wewe haribu, halafu danganya mimi."

Nilijua uongo peke yake usingemuudhi Mzungu yule kiasi kile; waongo alikuwa amewazoea. Kilichomuumiza ni kwamba zilikuwa za kweli. Mtu alikuwa amechukua mkasi akapunguza kila moja pande zote nne, kwa uangalifu mkubwa, mpaka zikawa laini kama kucha. Aliufunga mkebe, akamtupia kifuani. Kisha akawaita walinzi wa geti, akamwonyesha kwa kidole, akasema mtu huyu asikanyage tena hapa.

Jioni nilikwenda Kerende mbio. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Anza tena. Alipoambiwa amekata, alisemaje?"

Nikasema.

"Alishika kofia au aliivaa?"

"Aliishika."

"Mkono gani?"

Nilieleza mpaka nikachoka. Alikuwa akila ugali wake pole pole huku nikieleza, na mkewe alishangaa baadaye kwamba siku ile alimaliza sahani.

Mnunuzi wa Ngozi hakuweza kurudi kwa tajiri wake. Pasipo mgodi hakuwa na ngozi za kununua. Mkebe aliutupa chooni, kila kitu ndani yake. Mtoto wake ndiye aliyewaambia wenzake. Nami mwezi uliofuata niliondoka, nikavuka kwenda Kenya, nikakaa huko muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Huko nilisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila niliposimulia watu walicheka, na mwisho wake daima kulikuwa na mtu mmoja wa kusema, "Lakini mwenyewe naye alizipoteza stempu zake." Nami niliwajibu kwamba hakuwa na njia nyingine. Alifungwa mikono na saro yake, na stempu zilikuwa zimeshapotea.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakati watu wameanza kuvaa kijani cha chama na kuzungumzia uhuru hata kilabuni. Mwalimu alikuwa ameacha shule, macho yake yameingia ukungu. Nilimkuta barazani kwake, na kwenye kiti chenye mto alikuwa amekaa Mnunuzi wa Ngozi. Nilidhani nimeona vibaya. Alikuwa amekonda, shati limemzidi, na pembeni yake kulikuwa na fungu la kamba za ngozi alizokuwa akisokota na kuuza sokoni.

"Shikamooni."

"Marahaba, mura. Kumbe hujafa," Mwalimu alisema.

Tulikunywa chai. Mnunuzi wa Ngozi hakucheka hata mara moja. Baadaye alisimama kwenda nyuma ya nyumba kujisaidia, nami nikaona nafasi ya kumfariji mzee.

"Mwalimu, mpaka leo zile stempu zinaniuma. Kama tungekuwa na njia ya kuzirudisha kabla hajazikata."

"Zilirudi," alisema.

"Zilirudi lini?"

"Siku ya tatu baada ya sherehe. Mkewe aliniletea, amezificha kwenye kapu chini ya ulezi. Alilia, akasema, tata, baba yangu, chukua vitu vyako, mume wangu ameingiwa na shetani, usimwambie mtu. Niliufungua mkebe nikauweka hapa magotini. Hakuna hata moja iliyokuwa imeguswa."

"Sasa?"

"Nikamwambia aurudishe alipoutoa, kabla mumewe hajarudi nyumbani."

Nilikumbuka lile bakuli lililojaa. Yule aliyenituma kuleta sukari alikuwa ameshazishika mikononi mwake. "Kwa nini, Mwalimu?"

"Ningezichukua, ningebaki na stempu, na yeye angebaki na kicheko chake. Angekaa pale kila wiki ananicheka kwa chai yangu, na mimi namjua." Aligeuza uso kule zilikosikika nyayo. "Nilifikiri usiku ule kipi nakitaka zaidi."

Mnunuzi wa Ngozi alirudi, akakaa taratibu, akishika magoti. "Mnazungumza nini?"

"Habari za zamani," Mwalimu alisema. Alipapasa birika, akammiminia kikombe kikajaa mpaka ukingoni, akamsogezea. Kisha akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, "Na yule mpimaji wa mgodini, bado anakusanya?"

Mnunuzi wa Ngozi aliinamisha kichwa. "Sijui, ndugu yangu. Siendi huko."

"Ah. Nilisahau."

Nilielewa basi kwamba anamuuliza hivyo kila anapokuja, na kwamba anamwita kila siku ya soko, na kwamba mtu yule hana pengine pa kunywa chai. Nikainuka, nikasema safari yangu ni ndefu, nataka kufika Busawe jua likiwa bado lipo.

"Kaa, mura," Mwalimu alisema, uso wake ukiwa umeelekea kwenye kile kiti, sikio limetegwa. "Hajamaliza chai yake."

Nikakaa.